Maharage ya kupanda juu: jinsi ya kuyasimikia fito, na kwa nini kichanja changu kilianguka

Mwanzisha uzi (Arusha)

Habari za jioni, wanabustani wenzangu. Nimesoma nyuzi nyingi zinazohusu mbegu, mbolea na dawa za maharage, lakini suala la egemeo, yaani kile ambacho mmea wenyewe unakipanda, kwa kawaida humalizwa kwa sentensi moja tu: weka miti. Nimelima maharage haya misimu mitatu nyuma ya nyumba yangu, katika eneo la mita sita kwa nne, na misimu miwili kati ya hiyo iliharibika si kwa wadudu wala kwa ukame, bali kwa sababu ya miti hiyo hiyo inayotajwa kwa sentensi moja. Nitaeleza kwa kirefu, naomba mnivumilie.

Msimu wa kwanza sikujua hata kwamba nilikuwa na maharage ya kupanda juu. Nilinunua kilo moja sokoni, mchanganyiko wa rangi, nikapanda mwanzoni mwa masika kama tunavyopanda yale mafupi. Ilipofika wiki ya tatu, baadhi ya miche ilitulia ikawa vichaka, na mingine ikatoa ncha ndefu nyembamba mithili ya mkia wa panya, ikaanza kupapasa huku na huku, ikashikana yenyewe kwa yenyewe, na mwisho ikalala chini. Maganda yaliyogusa udongo uliolowa yalioza kabla ya kukomaa. Baadaye nilikuja kujua kwamba watafiti hugawa maharage katika makundi manne kwa jinsi yanavyokua, kuanzia vichaka vinavyoacha kurefuka vikishatoa maua hadi kundi la nne, ambalo huendelea kurefuka na kupanda wakati maua na maganda yanaendelea kutokea. Hili la nne ndilo linalohitaji fito. Kwa hiyo anayenunua mbegu sokoni na amuulize muuzaji moja kwa moja kama ni ya kutambaa au ni fupi, na asipopata jibu la uhakika, apande punje chache pembeni kwanza azitazame.

Msimu wa pili nilijiona nimeelimika. Nilisimika nguzo mbili za mkaratusi, umbali wa mita tatu, nikafunga nyuzi tano za nailoni kwa mlalo kutoka nguzo hadi nguzo, moja juu ya nyingine, kama nilivyoona watu wakifanya kwa pasheni. Kilichotokea kilinishangaza. Miche ilifika kwenye uzi wa kwanza, ikauzunguka mara moja au mbili, kisha ncha ikauacha na kuning'inia hewani ikitafuta kitu kingine. Kila siku mbili ilinibidi nizipandishe ncha kwa mkono na kuzifunga. Hata hivyo, kufikia Mei kichanja chote kilikuwa kimefunikwa majani, na nilijisifu mbele ya wageni. Usiku mmoja wa mvua na upepo nguzo moja ililala, na asubuhi nilikuta ukuta mzima wa maharage umelala juu ya mchicha, maganda yakiwa ndiyo kwanza yanajaza punje. Nilijaribu kuusimamisha, mashina yakakatika chini kwa chini.

Nilipochunguza niliona makosa mawili, na yote mawili yanatokana na kutoujua mmea wenyewe.

Kosa la kwanza ni nyuzi za mlalo. Pasheni na tango wana vikono, yaani vile viuzi vilivyojikunja vinavyoshika kitu chochote chembamba kilicho karibu, hata kiwe kimelala. Maharage hayana vikono. Shina lenyewe ndilo linalojizungusha, na linajizungusha likielekea juu. Ukitaka kuamini, weka kiti karibu na mche wa wiki ya nne ambao haujapata kitu cha kushika. Mimi nilifanya hivyo Jumapili moja ya jua kali. Saa tatu asubuhi ncha ilikuwa imeelekea ukuta wa jikoni, ulio upande wa kaskazini. Baada ya nusu saa ilikuwa imeelekea mgomba ulio magharibi. Saa nne ilikuwa imeelekea geti, kusini, na kabla ya saa tano na nusu ilikuwa imerudi jikoni. Inazunguka hewani namna hiyo, duara moja kwa takriban saa mbili kukiwa na joto, mpaka iguse kitu kilichosimama, na hapo ndipo inapoanza kukizunguka. Ukiitazama kutoka juu, inazunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Nilikuwa nimeambiwa kwamba sisi tulio kusini mwa ikweta huku kwetu huwa ni kinyume chake, lakini si kweli: maharage ya Ulaya na ya Arusha yanazunguka upande mmoja. Jambo hili lina faida yake, kwa sababu ukiusaidia mche kwa mkono ukauzungushia ufito upande usio wake, kesho yake utaukuta umejifungua.

Kosa la pili ni uzito na upepo. Kichanja kilichojaa majani yaliyolowa ni tanga la jahazi. Nguzo zangu nilikuwa nimezifukia sentimita thelathini tu, katika udongo wa bustani uliolainishwa kwa samadi na kumwagiliwa kila jioni. Kwa ufito au nguzo inayosimama peke yake, sasa nafukia nusu mita, na shimo nalichimba kwa mtaimbo, si kwa jembe, ili udongo wa pembeni ubaki umeshikana.

Msimu wa tatu niliacha kichanja nikatumia fito. Nilizisimika tatu tatu kwa mpangilio wa mafiga: miguu iko umbali wa sentimita sabini hivi, vichwa vimekutana juu, na kidogo chini ya vichwa nimefunga kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Mpira huo ni bora kuliko waya, kwa sababu haukati fito wala haupati kutu, na unabana zaidi unapovutwa. Fito zina urefu wa mita mbili na nusu na unene wa kidole gumba, na kidogo zaidi chini. Mafiga manane yalitosha eneo langu. Upepo ulivuma kama mwaka uliotangulia, na hakuna hata figa moja lililolala, maana miguu mitatu inasaidiana na ukuta wa majani umekatikakatika, upepo unapata pa kupita.

Unene na utelezi wa egemeo ni mambo ambayo watu huyapuuza. Jirani yangu, aliyekuwa na mabaki ya mabomba ya plastiki, aliyasimika akidhani amepata egemeo la kudumu. Mashina yalizunguka vizuri hadi usawa wa kiuno, kisha baada ya mvua kubwa yote yakateleza, tukayakuta yamejikusanya chini ya bomba kama soksi iliyoshuka kisiginoni. Shina la maharage linashika kwa kukwaruza. Lina vinywele vidogo vigumu ambavyo utavihisi ukipitisha vidole. Linataka kitu chenye magamba, mafundo au nyuzinyuzi. Tuliliokoa lile bomba kwa kulizungushia kamba ya katani kuanzia chini hadi juu, nayo miche ikapanda tena. Nguzo nene nayo ina shida yake, kwa maana shina hutumia urefu mwingi kuizunguka badala ya kupanda.

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: fito zitangulie mbegu. Simika kwanza, kisha panda punje tatu au nne kuzunguka kila ufito, umbali wa vidole vitatu au vinne kutoka kwenye mti, kina cha sentimita tatu hadi nne. Miche ikishasimama, bakiza miwili au mitatu iliyo na afya. Ukisubiri mpaka miche ianze kupapasa ndipo uje na mtaimbo, utakata mizizi, na mche uliokatwa mizizi katika wiki ya tatu haurudi katika hali yake. Anayelazimika kuchelewa asivuke wiki ya pili.

Karibuni kwa maswali, na hasa karibuni kunikosoa.

Mchangiaji wa pili (Dar es Salaam)

Asante sana, kaka, kwa maelezo yaliyonyooka. Mimi nina ua mdogo na ndoo sita za lita ishirini. Mwaka jana nilipanda maharage ya kupanda juu yaliyoletwa na shangazi kutoka Mbeya, nikayawekea fito za mwanzi kama unavyoeleza, yakapanda hadi juu ya dirisha, yakatoa maua mengi, na maua yote yakapukutika. Je, kosa lilikuwa kwenye egemeo au kwenye ndoo? Pia nimepewa wavu chakavu wa kuvulia samaki, ninataka kuutandaza ukutani badala ya fito.

Mwanzisha uzi

Dada, egemeo lako halina kosa. Maharage ya kawaida ni mmea wa nchi za baridi ya wastani. Joto la mchana likivuka nyuzi thelathini, na usiku ukiwa wa joto kama ilivyo Dar sehemu kubwa ya mwaka, maua hupukutika bila kufunga maganda, hata mmea ukiwa na majani ya kuvutia. Mbegu ya shangazi irudi Mbeya. Kwako ningependekeza kunde ndefu, zile zenye maganda yanayofika nusu mita na ambazo wengi huziita maharage ya Kichina, au fiwi. Zote mbili zinavumilia joto, na zinapanda kwa kujizungusha vilevile, hivyo yote niliyoyasema juu ya fito yanazihusu. Tofauti ni kwamba fiwi ina nguvu na inakaa muda mrefu, kwa hiyo usiipe ufito wa kuoza haraka.

Kuhusu ndoo: usisimike mafiga ndani ya ndoo ukadhani umemaliza, kwa sababu mmea ukikua ndoo yenyewe ndiyo itakayopinduka. Funga kichwa cha fito kwenye nondo za dirisha au kwenye boriti ya kibaraza.

Wavu mimi siupendi. Maharage yanaupanda, hilo ni kweli, lakini mwisho wa msimu utakaa siku nzima ukichomoa mashina makavu kwenye matundu, na mijusi na ndege hunaswa humo. Teremsha kamba za katani zilizosimama wima kutoka kwenye boriti hadi kwenye kigingi kilicho chini, moja kwa kila mche. Msimu ukiisha unakata kamba pamoja na mashina yake, vyote vinaingia kwenye mboji. Nchi inayolima mkonge kuanzia Tanga hadi Morogoro haina sababu ya kufunga maharage kwa nailoni.

Mchangiaji wa tatu (Lushoto)

Mwanangu, nimesoma nikafurahi, lakini nimejiuliza kwa nini mnahangaika hivyo na fito wakati mahindi yapo. Mimi ni mtu mzima, nimelima huku milimani tangu nikiwa binti, na mama yangu alipanda maharage haya kwenye mahindi bila kununua hata ufito mmoja. Hindi ni ufito unaoota wenyewe na kukupa chakula juu yake.

Siri yake ni kwamba hindi litangulie. Ukipanda siku moja, maharage yanalipita mbio, yanalikaba na kulilaza. Sisi husubiri hindi lifike magotini, yaani kama wiki tatu hivi, ndipo tunapoweka punje mbili za maharage pembeni, upande wa juu wa mteremko ili maji ya mvua yasizifukue. Na usiweke maharage kwenye kila shina la hindi, acha moja katikati. Hindi linalotumika liwe refu la asili lenye shina gumu, si hizi mbegu fupi za siku hizi ambazo zinalala hata bila maharage.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Nakubaliana nawe, na njia hiyo ni ya kale mno, kwani huko Meksiko na Amerika ya Kati, ambako mahindi na maharage yote mawili yanatoka, wakulima wameyapanda pamoja na maboga kwa maelfu ya miaka. Kwa shamba ni njia nzuri kuliko yangu. Kwa bustani ya nyumbani nina wasiwasi mmoja: mimi huchuma maganda mabichi kila baada ya siku tatu au nne, na msitu wa mahindi yaliyoshikamana na maharage katika mita sita kwa nne haupitiki. Halafu hindi linakauka wakati maharage ya kupanda juu bado yanaendelea kuzaa, na shina kavu la hindi likishambuliwa na mchwa linavunjika na mzigo wake. Je, mama, huko Lushoto mnafanyaje hindi likikauka mapema?

Mchangiaji wa tatu (Lushoto)

Marahaba mwanangu. Tunavunja mahindi tunaacha mabua yamesimama, na pale bua linapoyumba tunaliegemeza kwenye bua la jirani na kuyafunga pamoja kwa ganda la mgomba. Mvua zikiwa zimekatika hayalali kwa urahisi. Lakini kwa hiyo bustani yako ya kuchuma kila siku, nimekuelewa, endelea na mafiga yako.

Mchangiaji wa nne (Musanze, Rwanda)

Salamu kutoka chini ya milima ya volkano. Nimelelewa Kigoma, sasa ninaishi Musanze, na ninataka kuongeza ya huku kwa sababu Rwanda kaskazini usipolima maharage ya kupanda juu ni kama hulimi. Fito zenyewe zina jina lake, imishingiriro, na zinauzwa sokoni kwa mafungu kama kuni.

Mbegu zilizobadilisha kilimo hicho zilienea kuanzia miaka ya 1980, pale watafiti wa Rwanda walipofanya kazi na CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo chenye makao yake Kolombia. Mojawapo ya mbegu mashuhuri, Umubano, asili yake ni Meksiko, kwa hiyo naona mwanzisha uzi na mama wa Lushoto wote wamegusa ukoo mmoja. Sababu ya watu kuyapenda iko wazi: ardhi ni ndogo, na kwenda juu kunatoa mavuno mengi zaidi kwa eneo lile lile kuliko maharage mafupi. Ila tulipopata mbegu tukapata tatizo jipya, nalo ni miti. Mapendekezo ya kitaalamu ni fito 50,000 kwa hekta, yaani tano kwa kila mita ya mraba. Piga hesabu ya bustani yako, ndugu: mita sita kwa nne ni mita za mraba ishirini na nne, ambazo zingehitaji fito mia moja na ishirini. Wewe umesimika ishirini na nne. Sikulaumu, lakini sehemu kubwa ya hewa iliyo juu ya bustani yako haina maharage.

Watu huku hutumia mkaratusi, mwanzi, na wasio na uwezo hutumia mabua ya mabingobingo. Bua la mabingobingo ni la msimu mmoja tu, na likibeba mbegu yenye nguvu linapinda katikati. Wengine hupanda miti ya kaliandra kwenye kingo za matuta, wanaikata kila mwaka kupata fito na majani ya mifugo. Mwenye bustani ya nyumbani anaweza kufanya hivyo kwenye uzio wake.

Nina tahadhari moja ambayo sijaiona katika maelezo yako. Fito za mwaka jana hubeba magonjwa. Chule na madoa pembe, magonjwa mawili ya maharage, hubaki kwenye mabaki ya mashina yaliyokauka yakiwa bado yamezunguka mti, na mvua ya kwanza inayashusha juu ya miche mipya. Kabla ya kuhifadhi fito, zikwangue hadi ziwe tupu, choma mabaki, kisha zianike juani kwa siku kadhaa na uziweke pakavu, zikiwa zimesimama. Na usiingie bustanini kupandisha ncha asubuhi wakati majani yana umande, maana utahamisha ugonjwa kwa mikono yako mwenyewe kutoka mmea hadi mmea.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Musanze, umenikamata. Hesabu ya fito mia moja na ishirini sikuwahi kuifanya. Sehemu ya tofauti ninaweza kuieleza: mimi ninaacha njia za kupita kwa ajili ya kuchuma, na kila ufito wangu unabeba miche miwili au mitatu. Lakini hata hivyo ni kweli kwamba kati ya mguu na mguu wa figa pana nafasi tupu. Msimu ujao nitafunga ufito mmoja wa mlalo chini na mwingine karibu na kichwa, kwenye kila upande wa figa, kisha nivute kamba mbili za katani zilizosimama kati yake. Fito za mlalo hapo ni za kubeba kamba tu, si za kupandwa. Kwa mafiga manane hiyo ni mistari arobaini na nane zaidi bila kukata mti mwingine mrefu.

Kuhusu kukwangua fito, nakiri kwamba zangu nilizitupa nyuma ya choo zikiwa na mashina yake yote. Kesho ninazitoa.

Mchangiaji wa tano (Vihiga, Kenya)

Hamjambo. Sisi huku magharibi mwa Kenya maharagwe ya kupanda yalitufikia kwa njia ya shida: maharagwe mafupi yalikuwa yakifa kwa kuoza mizizi, na baadhi ya aina za kupanda zilivumilia. Nina maswali mawili. Kwanza, nimesimika fito mbichi za lusina na baada ya wiki tatu baadhi zimechipua. Je, niziache? Pili, maharagwe yangu yamefika kileleni mwa ufito na yanaendelea kupanda hewani, yanarudi chini na kushikana na ya jirani. Baba mmoja hapa kijijini hukata ncha zote zikifika juu na anasema maganda huongezeka.

Mwanzisha uzi

Ndugu, lusina iliyochipua itagombania maji na mwanga na maharagwe yako, na chipukizi zake zitayatia kivuli pale yanapohitaji jua. Mwaka huu endelea kuzipukusa chipukizi kila wiki, usiung'oe ufito wenyewe maana mizizi ya maharagwe imeshajishika hapo. Mwaka ujao kata fito mwezi mmoja kabla, ziambue magamba sehemu itakayofukiwa, zianike zikauke. Mimi huchoma ile ncha ya chini kwenye makaa hadi iwe nyeusi. Haizuii mchwa milele, lakini imenipa msimu wa pili kwa fito nyingi. Mbono kaburi nao una tabia hiyo hiyo ya kuchipua. Mnyaa usiutumie kabisa, utomvu wake ni hatari kwa macho, na bustanini ndiko watoto wanakochuma.

Kuhusu kukata ncha, mimi hukata, ila sababu yangu si ile ya mzee. Sijaona maganda yakiongezeka. Ninachokipata ni kwamba kichwa cha figa hakigeuki kuwa kiota cha majani kinachoshika maji na kuvuta figa upande mmoja, na ninaweza kuchuma bila ngazi. Hukata kwa ukucha, majani yakiwa makavu, ncha ikishapita kichwa cha ufito kwa kama shubiri moja. Ukiona unakata sana, basi fito zako ni fupi kwa mbegu hiyo.

Niongeze la kumalizia msimu, kwa kuwa wengi hung'oa. Msiyang'oe maharage yakikauka. Kateni shina usawa wa udongo, muiache mizizi humo na vinundu vyake vyenye naitrojeni, kisha msokoto wote wa mashina uushushe kwa kuuvuta kuelekea chini ya ufito. Ukiwa mkavu kabisa unateleza kama mkono wa koti, na ufito unabaki karibu mtupu, ambapo kazi ya kukwangua aliyoisema ndugu wa Musanze inakuwa ya dakika chache.

Mchangiaji wa pili (Dar es Salaam)

Kaka, nimerudi baada ya wiki saba kama nilivyojiahidi. Niliachana na wavu. Nilipanda kunde ndefu kwenye ndoo nne, punje tatu kila ndoo, nikateremsha kamba za katani kutoka kwenye boriti ya kibaraza. Ncha zilizishika kamba bila kusaidiwa isipokuwa moja, ambayo niliizungusha mwenyewe upande wa mishale ya saa, na asubuhi nikaikuta imejifungua kama ulivyosema. Mwanangu wa darasa la nne ameandika saa kwenye daftari kila ncha ilipopita karibu na mlango.

Tatizo nililolipata ni kamba kulegea. Zilikuwa zimekazwa nilipozifunga, lakini mmea ulipoongezeka uzito zikaanza kuyumba na upepo wa jioni kutoka baharini, na mashina mawili yakachunika yalipokuwa yakigonga ukingo wa ndoo. Nimezifunga chini kwa vipande vya tyubu ya baiskeli badala ya fundo la moja kwa moja, ili zivutike na kurudi. Maganda ya kwanza nimeyachuma jana, marefu kuliko mkono wa mtoto, na maua hayajapukutika.

Mwanzisha uzi

Hiyo ya mpira chini ya kamba sikuifikiria, dada. Naichukua kwa ajili ya zile kamba arobaini na nane.